UZI: Kondoo jike mpya kaingia shambani, tumtie jina gani?

#1 ShambaBambi
Assalamu alaykum wanaukumbi. Shamba letu dogo, chini ya minazi na migomba, huku Bambi, Unguja. Kondoo watatu walikuwepo: dume anaitwa Dau, majike wawili ni Tende na Iliki. Sasa kaingia kondoo wa nne, jike. Kichwa cheusi tii mpaka shingoni, mwili mweupe, mafuta yamejaa nyuma, meno mawili ya mbele yameshabadilika. Kwa sasa yuko peke yake banda la pembeni. Majina yaliyotajwa nyumbani ni manne: Kichwa, Mpole (kwa kuwa tangu afike hasumbui hata kidogo), Malaika (hili la watoto), na Tende Mdogo. Nyie wafugaji mnachaguaje? Na jina lina kazi gani hasa, au ni mapambo tu?

#2 KwatoNne
Waalaykum salaam. Kwanza futa Tende Mdogo. Ukiita kwa sauti upande wa pili wa shamba, "Mdogo" inapotelea njiani, kinachofika ni "Tende" tu, na watageuka wawili. Jina la mnyama wa kuitwa liwe na silabi mbili, tatu kwa shida. Sauti ya mwanzo isifanane na ya mwenziwe, na irabu ya mwisho nayo iwe tofauti. Nyie mna Dau inayoishia u, Tende inayoishia e, Iliki inayoishia i. Zimebaki a na o, na hizo ndizo zinazofika mbali zaidi kwa sababu mdomo unafunguka. Ziepukeni pia sauti za amri mnazotumia kila siku. Kondoo anayeitwa Njozi atachanganya na "njoo", na anayeitwa Tokeo atadhani anafukuzwa.

#3 Fumba_Kijana
Jina la nini yakhe? Mpige hereni yenye namba sikioni, umemaliza. Namba haifanani na namba nyengine na haina ugomvi wa watoto.

#4 BiKarafuu
Sisi huku Pemba jina la msimu ndilo linalosaidia. Aliyezaliwa mvua kubwa ni Masika, aliyezaliwa upepo wa kaskazini ni Kaskazi, wa miezi ya baridi ni Kipupwe, wa mvua ndogo ni Vuli. Ukiulizwa umri hufungui daftari, jina lenyewe linakwambia nusu ya jawabu. Huyo wako kwa kuwa ana meno mawili basi ana miaka miwili, mhesabie nyuma uone alizaliwa msimu gani.

#5 DaftariLaZizi
Bi Karafuu, heshima yako, lakini meno mawili si miaka miwili. Kondoo ana meno manane ya mbele, yote ya taya la chini. Jozi ya katikati hubadilika kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu, meno manne ya kudumu huwa kwenye miaka miwili hivi, sita kwenye mitatu, manane kwenye minne. Kwa lishe mbovu huchelewa kwa miezi, na aina kwa aina hutofautiana. Kwa hiyo kondoo wa kununuliwa huwezi kumhesabia msimu wa kuzaliwa kwa meno peke yake. Ukimwita Vuli kwa kubahatisha, baada ya miaka mitatu nyumba nzima itaapa kuwa alizaliwa vuli, na daftari litakuwa limeandikwa uongo. Msimu mpe mwana atakayezaliwa mbele ya macho yenu. Mimba ya kondoo ni siku 147 hadi 150, tarehe ya kuzaa utaijua ukiandika siku aliyopandwa.

#6 KwatoNne
Na "Kichwa" nalo liondoke. Aina hii yote ina kichwa cheusi, ndiyo sifa yao kuanzia Somalia walikotoka. Akizaa watoto watatu wote watakuwa Kichwa. Jina la rangi linafaa pale rangi inapomtenga mmoja na wenziwe: baka jeupe juu ya pua, sikio moja kukunjika, doa kwenye goti.

#7 BwanaMifugo_Mstaafu
Nimesoma yote, na lililonishtua ni hilo jina la Mpole. Ndugu yangu wa Bambi, msimwite Mpole wiki ya kwanza, na msiusifu huo upole. Kondoo aliyetengwa na kundi lake kwa kawaida hulia, hutembea ukutani, hutafuta wenziwe. Akinyamaza, akasimama pembeni kichwa chini, mara nyingi ni mgonjwa, na kisiwani kwetu penye unyevu karibu mwaka mzima mtuhumiwa wa kwanza ni minyoo ya tumbo inayonyonya damu.

Fanya hivi leo mchana, kwenye mwanga wa jua na si ndani ya banda. Mtu mmoja amshike shingo. Wewe bonyeza kope ya juu taratibu juu ya jicho kwa kidole gumba, na kwa kidole gumba cha pili vuta kope ya chini. Tazama utando wa ndani wa kope ya chini, si mboni, si weupe wa jicho. Iko kadi ya rangi inaitwa FAMACHA, imetoka Afrika Kusini, ina daraja 1 hadi 5. Daraja 1 ni wekundu uliokoza, 5 ni weupe kama karatasi. La 1 na 2 muache. La 4 na 5 ni dawa siku hiyo hiyo. La 3 ni la kuamua kwa hali nyengine: je ana uvimbe chini ya taya, je amekonda mgongoni, je ana mimba?

Tabia ya kweli utaiona akishatulia na akishapona. Jina la tabia litolewe hapo, si kabla.

#8 ShambaBambi
Ahsante sana Bwana Mifugo. Kope tumezitazama, ni pinki, wekundu uliokoza haumo. Uvimbe chini ya taya hamna. Anakula majani ya mgliricidia, ule mti wa malisho, lakini pole pole. Mpole tumeshalifuta.

#9 BwanaMifugo_Mstaafu
Hapo ni la 3. Amekuja karibuni, hujui historia yake, mpe dawa ya minyoo kwa uzito wake halisi. Mizani huna? Chukua futi ya fundi cherehani. Pima mzingo wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio, vyote kwa sentimita. Zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha kwa urefu, gawa kwa 10,840. Mzingo 75 na urefu 65 hutoa kama kilo 34. Kukisia kwa jicho ndiko kunakowapa watu dozi ndogo, na dozi ndogo inawafundisha minyoo kuishi na dawa. Kama huna hakika kuwa hana mimba changa usimpe albendazole, haifai mwezi wa kwanza wa mimba. Muulize mtu wa dawa akupe ya aina nyengine. Na abaki banda la pembeni wiki tatu hadi nne, ndoo yake na kamba yake zisiingie kwa wenziwe.

#10 Ustadh_wa_Wete
Naomba nizungumzie Malaika. Kumtia mnyama jina hakuna tatizo, Mtume (s.a.w.) ngamia wake aliitwa Qaswa, na nyumbu wake Duldul. Tatizo liko kwenye jina lenyewe. Majina ya malaika, ya mitume, ya masahaba, na yote yanayoanza na Abdul, hayo tuwaachie wenyewe. Kesho kondoo atafungwa kamba, atapigwa fimbo, atatukanwa akila muhogo wa jirani. Itakuwaje hapo tukisikia "Malaika mshenzi huyo"? Watoto wapewe uchaguzi mwengine mzuri, hawatanuna sana.

#11 Wa_Kojani
Ustadh kasema kweli. Na mie niongeze majina ya majirani. Kombo, Mwanakhamis, Bimkubwa, Makame, hayo ni ya watu. Kijiji kizima kitakusikia unapiga kelele "Kombo toka kwenye mchicha!" saa 12 asubuhi, na akina Kombo wako wangapi hapo?

#12 BiKarafuu
Kojani nzima Kombo. Nusu ya ngalawa zitageuka zirudi pwani.

#13 Fumba_Kijana
Ndiyo nikasema namba! #3 someni tena. Au mkate alama sikioni kama wanavyofanya bara, kipande kidogo tu ukingoni, hakigharimu kitu na hakidondoki.

#14 Ustadh_wa_Wete
Fumba, simama hapo. Kama kuna siku kondoo huyo au wanawe watachinjwa Iddi Kubwa, usikate kipande. Katika madhehebu yetu ya Shafii mnyama aliyekatwa sehemu ya sikio hatoshi kwa udhuhia, hata kipande kikiwa kidogo. Kutoboa au kupasua bila ya kupotea nyama hakudhuru kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Kwa hiyo hereni ni sawa, kukata alama si sawa. Umri nao: kondoo atimize mwaka, au awe ameshabadilisha meno ya mbele baada ya miezi sita, mbuzi atimize miaka miwili. Wengi huwachanganya hawa wawili.

#15 MchungaMakunduchi
Hereni nayo ina mambo yake. Ikitiwa pembeni sana huchanwa na senyenge au tawi, na sikio likichanika mpaka nje umepoteza namba na sikio. Mahali pake ni katikati ya sikio, upande wa karibu na kichwa, baina ya ile mistari miwili ya gegedu, mbali na mishipa inayoonekana ukilimulika sikio juani. Paka spiriti koleo na sikio. Acha nafasi baina ya hereni na sikio kwa mnyama ambaye bado anakua. Masika usitie, nzi ni wengi na kidonda kitaingia funza. Kisha litazame kila siku mpaka tundu likauke, kama siku kumi. Na ukisoma namba 6 na 9 ikiwa imegeuka, pole.

#16 DaftariLaZizi
Hapo ndipo jina na namba vinaposaidiana, si kushindana. Hereni ikidondoka, namba imekwenda. Jina linabaki vichwani mwa watu watano wa nyumba. Lakini jina bila maandishi nalo hupotea, kwa sababu baba anamwita hivi na mtoto vile. Daftari la mistari, ukurasa mmoja kila kondoo: jina, namba ya hereni na sikio la upande gani, alama za mwili, tarehe ya kuingia, meno siku ya kuingia, mama na baba kama wanajulikana, tarehe za dawa na jina la dawa, tarehe ya kupandwa na dume gani, tarehe ya kuzaa, watoto wangapi na jinsia. Jina la aliyekufa au kuuzwa lisirudiwe kwa angalau miaka mitano. Tende wa kwanza na Tende wa pili kwenye daftari moja, utampa mmoja dawa ukaandika kwa mwengine.

#17 Wa_Kojani
Ustadh, swali. Iko nyumba moja huku kondoo wao wanamwita Udhuhia kabisa, tangu mdogo, kwa kuwa wanamlea kwa Iddi. Ni sawa?

#18 Ustadh_wa_Wete
Wamwite jina jengine. Kwa Shafii, mwenye mnyama akitamka kuwa amemfanya huyu kuwa udhuhia, mnyama huyo amekuwa wajibu: hamuuzi, habadilishi, na yeye mwenyewe hali nyama yake, yote ni sadaka. Ulimi haufai kuchezewa katika jambo hili.

#19 MchungaMakunduchi
Kwa heshima, Ustadh, kuita jina si kuweka nadhiri. Mtu akiita "Udhuhia njoo" anamwita kondoo kuja kula, hakusudii kutamka wajibu wowote. Wengine wanasema nia ndiyo inayotazamwa.

#20 Ustadh_wa_Wete
Wanaosema hivyo wapo, na wana hoja. Lakini watu wa kawaida wanapotamka "huyu ni udhuhia" wanavyuoni wengi wa Kishafii wameyachukua maneno kwa dhahiri yake. Jina zuri liko tele, kwa nini mtu ajiingize pale penye khitilafu? Muulizeni shehe wenu wa karibu.

#21 MchungaMakunduchi
Sawa. Turudi kwenye hoja ya #2, maana pale kuna jambo linatukuzwa kupita kiasi. Kondoo hajui jina. Anajua ndoo. Tikisa pumba ndani ya ndoo ya plastiki, kundi zima litakuja hata ukiita "Serikali". Kinachowaleta ni mlio wa ndoo, saa ya kula, na umbo la mtu anayewalisha. Jina ni la mchungaji, si la kondoo.

#22 KwatoNne
Nusu ni kweli. Kundi zima huja kwa ndoo kwa sababu ndoo ndiyo waliyofundishwa wote kwa pamoja. Mmoja mmoja hufundishika. Kipindi hiki alipotengwa banda la pembeni ndicho chenyewe, hana mwenziwe wa kumfuata.

Kila asubuhi saa 12 na jioni saa 11, kabla ya chakula, akiwa na njaa kidogo. Simama hatua moja mbele yake. Taja jina mara moja tu, kwa sauti ile ile, kisha mkono wenye konzi ya pumba za mahindi umfikie papo hapo. Ukichelewa, anahusisha chakula na mkono wako, si na sauti. Rudia mara tano au sita, acha. Baada ya siku chache, rudi nyuma hatua tatu, kisha kumi, kisha ukiwa nyuma ya ukuta asikuone. Akigeuza kichwa na masikio kuja upande wako bila kukuona wala kusikia ndoo, hapo ameshashika. Ndoo usiitumie kabisa katika somo hili. Jina usilitaje wakati wa sindano, wakati wa kukata kwato wala wakati wa kumkimbiza, la sivyo atakimbia kila akilisikia. Na pakivuma kusi, msimame upande unaotoka upepo ndipo sauti imfikie.

#23 MchungaMakunduchi
Hapo umemfundisha kuwa sauti yako ni pumba. Akiitwa na mtu mwengine kwa jina lile lile hatakuja. Kwa hiyo alichojua ni sauti ya mtu.

#24 KwatoNne
Basi afundishwe na watu wawili. Akili anayo. Mwaka 2001 jarida la Nature lilichapa utafiti wa Keith Kendrick na wenziwe, Uingereza: kondoo walikumbuka sura za kondoo wenziwao 50 kwa zaidi ya miaka miwili. Na mwaka 2017 watafiti wa Cambridge walionyesha kuwa kondoo huweza kufundishwa kutambua sura za watu kutoka kwenye picha, ya Barack Obama mojawapo.

#25 MchungaMakunduchi
Sura, umesema mwenyewe. Sura na sauti ni milango miwili. Utafiti huo unanisaidia mie.

#26 Fumba_Kijana
Wakati mnagombana, mie nina jina. Mwiteni Dolly, kama yule kondoo wa Marekani aliyetengenezwa maabara.

#27 DaftariLaZizi
Wa Scotland, Fumba, si wa Marekani. Alizaliwa Julai 5, 1996 katika Taasisi ya Roslin karibu na Edinburgh, dunia ikaambiwa Februari 1997, akafa Februari 14, 2003. Kilicho cha Marekani ni jina. Chembe aliyotokana nayo ilitoka kwenye kiwele, wakamwita kwa mwimbaji Dolly Parton, kwa utani juu ya kifua chake. Na kwa kanuni ya #2 halifai: lina d mwanzo kama Dau, na i mwisho kama Iliki.

#28 BiKarafuu
Fumba leo kashakosa namba, kashakosa sikio, na sasa kakosa nchi. Mwacheni apumzike, anywe maji ya dafu.

#29 Mtu_wa_Micheweni
Hamjagusa jambo moja. Mnyama mpya mzuri, mnono, asipewe jina la kusifu. Kijicho kipo. Wazee waliwaita watoto Mashaka, Taabu, Shida, pale wakubwa wao walipokuwa hawakai, na wakakaa. Mwite Jaa au Takataka, hakuna atakayemtamani.

#30 BwanaMifugo_Mstaafu
Kijicho sikikanushi, Qurani imekitaja. Lakini kondoo wageni hufa wiki za mwanzo kwa mambo yanayoonekana: minyoo, nimonia ya safari ya chomboni, kubadilishiwa chakula ghafla, na sotoka ya mbuzi na kondoo kama ametoka pasipo na chanjo. Jina baya haliongezi damu kwenye kope. Someni dua, na mtazame kope.

#31 Mtu_wa_Micheweni
Yote mawili yafanywe. Jina baya halina gharama.

#32 Wa_Kojani
Lina gharama ukitaka kumuuza. Mnunuzi anauliza anaitwa nani, unamjibu Takataka?

#33 DaftariLaZizi
Narudi kwa ShambaBambi. Mnao majike watatu sasa, baada ya miaka miwili mtakuwa na koo tatu. Amueni mapema jina la huyu liwe mzizi wa ukoo wake. Watoto wote wa kike wa Tende waanze na T, wa Iliki waanze na I, wa huyu waanze na herufi yake. Ukimwona Tabasamu na Tufaha unajua mama yao ni mmoja bila kufungua daftari. Na kikubwa zaidi, Dau asiwapande binti zake. Mkiwa na dume mmoja, binti wa Dau hufikia kupandika kwenye miezi saba au minane, watu hushtukia ameshapandwa na baba yake. Ufaransa wana mpango mwengine kwa mbwa wenye hati ya ukoo, kila mwaka una herufi yake, wanaruka K, Q, W, X, Y na Z. Hapo jina linakwambia mwaka, si mama.

#34 BiKarafuu
Na ukitaka vyote viwili? Herufi ya mwanzo ya mama, jina lenyewe la msimu. Tende akizaa masika... hamna msimu wa T. Haya basi, nimenyamaza.

#35 KwatoNne
Mpango wa #33 unapingana na wa #2. Ukitaka T zote kwa ukoo mmoja, utakuwa na Tende, Tabasamu, Tufaha, Tausi wote wamesimama pamoja, na sauti ya mwanzo ndiyo inayosikika kwanza. Ukiita mmoja wanageuka wote.

#36 DaftariLaZizi
Wakigeuka wote si hasara, ni familia. Kuita utaita kwa ndoo kama anavyosema Mchunga. Ukoo ukiukosea ndiyo hasara, utapata vilema na wazaliwa dhaifu.

#37 ShambaBambi
Wakubwa tumewasoma wote nyumbani. Majina mapya yaliyobaki mezani ni Kusi, Pondo, Kanga na Shada. Tunaomba myapige msasa.

#38 KwatoNne
Kusi inaishia i, inagongana na Iliki. Kanga inafaa kwa sauti, mwanzo k mwisho a, inasikika mbali. Pondo, ule mti wa kusukumia chombo, lina o ambayo hamna, na linakwenda vizuri na Dau.

#39 MchungaMakunduchi
Pondo na kondoo? Mtoto akipiga kelele "kondoo wameingia kwenye muhogo" nusu yenu mtadhani ni Pondo peke yake, mtamkimbilia yeye na wenziwe wanaendelea kula.

#40 Wa_Kojani
Kanga mnaye wa manyoya vichakani kila jioni huko Bambi. Shada basi.

#41 BiKarafuu
Shada zuri, la harusi. Ila hapo jirani kama yupo bibi anaitwa Saada, kwa mbali ni moja. Ulizeni kwanza.

#42 ShambaBambi
Yupo. Nyumba ya tatu.

#43 Fumba_Kijana
Namba.

#44 ShambaBambi
Wakati mnaendelea kushauri, jengine la haraka: ili apate nguvu tumeanza kumchanganyia chakula cha kuku wa mayai, kile cha dukani, kibaba kimoja asubuhi. Anakipenda sana, ndicho tunachomfundishia kuitika.

#45 BwanaMifugo_Mstaafu
Kiondoeni leo hii. Kondoo hahimili madini ya shaba kama kuku au ng'ombe. Shaba hujikusanya kwenye ini kimya kimya kwa wiki au miezi, kisha siku moja akishtuliwa na safari, njaa au ugonjwa huachiwa yote kwenye damu kwa pamoja. Utaona macho na ufizi vimekuwa manjano, mkojo mwekundu unaokaribia weusi, na akifika hapo kumwokoa ni nadra. Vyakula vya kuku vingine hutiwa na dawa za kuku zisizomfaa mnyama huyu. Tena kibaba cha nafaka kwa mkupuo, tumbo lililozoea majani litachacha.

Mpeni konzi mbili za pumba za mahindi, na chicha za nazi mbichi za siku hiyo hiyo, zilizolala zina ukungu. Majani ya mgliricidia yanyaushwe kivulini kutwa moja, ataacha kula pole pole. Kisamvu kinyaushwe vile vile kwa sababu ya sumu yake. Lusina isizidi theluthi ya majani yote, ikizidi atanyonyoka manyoya. Jiwe la chumvi mnunue lililoandikwa la kondoo, la ng'ombe lina shaba. Chakula cha kuku mlichobakisha wapeni kuku.

#46 KwatoNne
Na mkibadilisha chakula msibadilishe jina kwa wakati mmoja, atapotezwa mara mbili. Mpaka mkubaliane, msimwite chochote. Mpeni mkono kimya.

#47 Mtu_wa_Micheweni
Jaa bado lipo wazi, na linaishia a.